Mjomba, Wameiita Ndiva Yako Shimo Kavu

Shikamoo Mjomba.

Najua marahaba yako sitaisikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo na sianzi leo, hata kama umelala mwaka mzima bila kuamka. Nakuandikia kutoka ofisini Same, mezani kwangu pale pale, chini ya feni inayopiga kelele kuliko inavyopepea. Wakubwa wameenda kula. Wakitoka saa saba wanarudi saa tisa, na wakirudi wanashika tumbo wanasema kazi ni nyingi. Kwa hiyo muda ninao.

Nina mawili ya kukueleza. La kwanza litakukasirisha, na nataka ukasirike, maana nimekasirika peke yangu miezi mingi na nimechoka. La pili ni la kukuomba radhi. Hilo nitalifikia mwishoni, usiniharakishe.

Habari za nyumbani ni nzuri. Maharage yamekubali, tangawizi ya mwaka huu imeshikwa na ugonjwa kidogo lakini imetoka. Jembe lako lipo nyuma ya mlango ulipoliacha, hakuna aliyeligusa. Mgawa maji wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, baada yako amechaguliwa Mama Niendiwe. Ndiyo, huyo huyo. Usigeuke huko chini. Yule uliyegombana naye miaka yote kwa sababu ya mfereji mmoja, uliyekuwa unasema maharage yake yanakunywa kama walevi wa dengelua, leo ndiye anayetoa kizibo asubuhi. Na anagawa vizuri, Mjomba. Lazima nikuambie ukweli. Anagawa kama wewe, tena anatukana kama wewe.

Haya. Sasa nikupe la kwanza.

Barabara inakuja. Ile uliyoililia tangu mimi niko darasa la tatu, tangu siku mlipombeba Mama kwenye machela kumteremsha Bendera na mkarudi mnambeba bado, kimya, uso umefunikwa. Barabara ya lami, Mjomba, kutoka Bendera kupanda kwetu mpaka kuipita Myamba, yenye makalvati na kingo za chuma kwenye kona. Siku niliposikia inajadiliwa kwenye halmashauri nilitoka nje nikasimama kwenye jua la Same nikalia. Nilitamani ningekuwa na simu ya kukupigia huko uliko.

Halafu wakaleta kabrasha.

Unajua kazi yangu. Mimi ni karani wa vikao. Naandika muhtasari. Waheshimiwa madiwani wanaongea, mimi nakaa pembeni naandika walichosema, siruhusiwi kuongeza wala kupunguza wala kufungua mdomo. Na kabla ya kikao ndiye ninayewapangia makabrasha yao, mazito kama tofali, na baada ya kikao ndiye ninayeyakusanya yakiwa safi vile vile, hayana hata alama ya kidole. Mwingine anaweka chupa yake ya maji juu yake. Mwingine analitumia kujipepea. Kwa hiyo katika jengo zima, mtu anayesoma kabrasha ni mmoja, naye halipwi kwa kusoma.

Basi nasoma. Nafika kwenye orodha ya maeneo ya kumwaga kifusi, maana mlima ukikatwa udongo na mawe lazima yaende mahali. Nakuta jina la kitongoji chetu. Nakuta picha. Mjomba, nikaiona ndiva yako, ukuta ule uliojengwa na baba wa babu zako, mawe yale ninayoyajua moja moja, na mbuzi wawili wamesimama katikati wanakula majani. Chini ya picha wameandika: shimo kavu, halitumiki, linafaa kwa kifusi. Na mstari wa barabara umepita juu ya pembe yake.

Shimo kavu! Nilicheka, haki ya Mungu. Nilicheka mpaka mwenzangu wa masjala akauliza kuna nini. Halafu nikaacha kucheka.

Nikaulizia kitongojini, nikaelezwa ilivyokuwa. Wapimaji walikuja na vizibao vyao vya rangi ya kung'aa, wakapanda kwa gari mpaka gari likashindwa, wakatembea kidogo wakachoka, wakafika kwenye ndiva saa nane mchana. Saa nane, Mjomba! Mtoto wa chekechea wa kwetu anajua saa nane ndiva haina maji. Maji yanakingwa jioni, yanajaa usiku kucha, asubuhi kizibo kinatolewa, yanashuka shambani kwa mwenye zamu, na jua likifika utosini kilichobaki ni tope na vyura. Ndiyo maana ya ndiva. Ingekuwa na maji saa nane ungemkuta mgawa maji amekufa au amelewa. Hawa wasomi wakaangalia tope, wakapiga picha mbuzi, wakaandika, wakaondoka. Hawakuuliza hata mtu mmoja. Mama Niendiwe alikuwa hatua chache chini yao anapalilia, akawasalimia, wakamjibu kwa kunyanyua mkono kama wanamfukuza inzi.

Ulikuwa unasema, "Barabara naitaka, mpumbavu simtaki." Sasa tumeletewa vyote viwili pamoja.

Lakini hao wapimaji siwalaumu sana. Wao ni watu wa mbali, kwao maji yanatoka bombani. Mwenye kunitia kichefuchefu ni wetu. Ni Mheshimiwa Mbonea.

Mbonea wa pale chini, ndiyo, diwani wetu wa kata. Ulimwacha akiwa diwani wa kawaida, sasa amenenepa, ana gesti kule senta yenye vioo vya bluu na geti la chuma lenye simba wawili. Anatembea na vijana wa kumbebea simu. Akisalimiwa shikamoo na bibi kizee mwenye haraka zake za kuomba barua, anaitikia marahaba. Kwa bibi kizee! Nimemwona kwa macho yangu.

Huyu ndiye uliyemtoa ndani ya ndiva. Ulikuwa umekataza watoto kuogelea pale, na sote tuliogopa fimbo yako, yeye akajifanya shujaa. Alfajiri moja maji yamejaa mpaka ukingoni, akaruka. Nilikuwepo, nimebeba ndoo. Akaibuka mara moja, akaibuka mara ya pili, mara ya tatu hakuibuka. Ukajitosa na nguo zako za kanisani, maana ilikuwa Jumapili, ukamtoa kwa kumshika sikio. Ukamlaza kifudifudi ukambinya mpaka akatapika maji. Halafu, alipoanza kupumua vizuri, ukamchapa. Mama yake alikuletea jogoo. Tulimla jogoo huyo, Mjomba, nakumbuka mchuzi wake.

Mtu huyo ndiye aliyekaa kwenye kikao cha kamati, ile kamati ya uchumi, ujenzi na mazingira, injinia akasoma orodha ya maeneo ya kifusi, akasoma na letu. Mwenyekiti akauliza kama diwani wa eneo ana neno. Mbonea akabonyeza kipaza sauti. Nikashika kalamu vizuri. Nikasema moyoni, haya, mtoto wa kwetu. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, wananchi wangu wanaisubiri barabara kwa hamu, tusicheleweshe maendeleo kwa mambo madogo madogo, naunga mkono hoja." Akakohoa, akaomba maji ya kunywa.

Maji, Mjomba. Aliomba maji.

Na wengine? Wakagonga meza. Mmoja alikuwa amesinzia, akaamshwa na kugongwa kwa meza, naye akagonga. Diwani mmoja wa tambarare akauliza swali moja tu, kama chai itakuwa kabla au baada. Nikaandika yote hayo, isipokuwa la chai, kwa sababu halikuwa hoja. Hao ndio wanaopewa dhamana ya kuuchunguza mradi mkubwa kuliko wowote uliowahi kupanda mlima wetu.

Nilirudi chumbani kwangu sikulala vizuri. Nilikuwa nakuona wewe na mikono yako iliyojaa tope, unaziba nyufa kwa majani ya mgomba. Nilikuwa naona mashamba yote yaliyo chini ya ndiva, ya kina Mama Niendiwe, ya mjane wa mwalimu, la kwetu, yakigeuka vumbi la Same. Ndiva ikijazwa kifusi haifufuki. Hakuna mtu atakayechimbua mawe ya mlima mzima kwa jembe. Na nikajiuliza, nani ataongea? Mimi siruhusiwi. Aliyeruhusiwa ameomba maji ya kunywa.

Nikafanya kitu kimoja kilichokuwa ndani ya uwezo wangu. Kwenye taratibu, kabla ya baraza kupitisha, kamati inaweza kwenda kukagua eneo. Huwa hawaendi, kwa sababu njia ni mbaya. Ndiyo, Mjomba, hawaendi kukagua barabara kwa sababu hakuna barabara. Lakini nilijua wanachokipenda. Nikamwandikia Mwenyekiti dokezo kwamba ziara ya ukaguzi haijafanyika, na ikifanyika itakuwa na chakula cha mchana kijijini, mbuzi. Aliidhinisha siku hiyo hiyo.

Wakapanga Jumanne. Nikampigia simu Mama Niendiwe, nikamwomba jambo zito. Nikamwambia, Mama, Jumanne usifungue maji. Acha ndiva ijae, ibaki imejaa mpaka hao watu wafike, hata kama ni saa nane, hata kama ni jioni. Jumanne ilikuwa zamu yake mwenyewe. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua, na wewe unajua maharage yakikosa maji wakati wa maua yanavyofanya. Na ukiikosa zamu unasubiri mzunguko wote. Akaniambia, "Mjomba wako angenikatalia hilo hata kwa mtutu." Halafu akasema, "Nitaacha."

Jumanne hawakuja! Nilikaa kwenye gari uani mwa halmashauri tangu saa mbili asubuhi. Mmoja alikuwa anasubiri suti yake kwa dobi. Mwenyekiti alikuwa na ugeni. Saa nane mchana wakasema tuahirishe mpaka kesho. Kule juu maharage ya Mama Niendiwe yameinamisha vichwa, ndiva imejaa inataka kupasuka, wamelazimika kugeuza mfereji unaoingiza maji. Jumatano ilikuwa zamu yetu, zamu yako. Nikasema na yetu iende. Nilijua utanikubalia, na kama hukukubali, samahani, ulikuwa umekufa.

Jumatano tukafika saa saba. Waheshimiwa wameshuka kwenye magari wanahema kama wamebeba wao magari. Viatu vimechongoka, vimeng'arishwa, vinateleza kwenye udongo mwekundu. Walitangulia kwenye mbuzi. Baada ya mbuzi, wakiwa wanajichokoa meno, wakapanda hatua zile za kwenda kwenye ndiva.

Na ndiva ilikuwa imejaa, Mjomba. Imejaa mpaka ukingoni, imetulia, mawingu yamo ndani yake. Watu wa kitongoji wote wamekaa juu ya ukuta. Mama Niendiwe amesimama kwenye kizibo, amejifunga kanga mbili. Sijawahi kuiona nzuri hivyo.

Mwenyekiti akafungua kabrasha, kwa mara ya kwanza, nafikiri, tangu achaguliwe. Akatazama picha ya mbuzi. Akatazama maji. Akatazama picha tena. Ndipo Mheshimiwa Mbonea akacheka kile kicheko chake cha mkutano wa hadhara, akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, hii ni mvua ya juzi. Huwa panatuama maji hapa mvua ikinyesha. Mimi ni mzaliwa wa hapa, napajua. Ni shimo tu."

Hapo ndipo nilipoharibu kazi yangu.

Nilikuwa na daftari mkononi. Sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe, na kilichotoka ilikuwa sauti yako, hata mimi niliitambua. Nikasema, "Mheshimiwa, hilo shimo kavu ndilo lililokuzamisha ukiwa na miaka saba, ukatolewa kwa sikio?"

Mjomba wee! Mama Niendiwe alicheka mpaka akakaa chini. Watu juu ya ukuta wakaanza, eti na jogoo aliliwa, eti na fimbo alikula. Mbonea alibadilika rangi. Akasema, "Nilikuwa mtoto." Hilo tu. Nilikuwa mtoto. Kama kwamba maji yalimsubiri akue ndipo yakauke.

Mwenyekiti alinitazama kwa jicho ambalo najua litanifuata mpaka kustaafu. Lakini kulikuwa na injinia mpya, binti wa Kisukuma kutoka Shinyanga, hana hata miezi miwili hapa. Yeye hakucheka. Alichuchumaa, akatia mkono kwenye maji, akamgeukia Mama Niendiwe, akamwamkia, akamwuliza, "Mama, huwa inajaa saa ngapi?" Katika mradi mzima, na wataalamu wote hao na mashine zao za kuangalia kwa jicho moja, hilo ndilo swali la kwanza mtu aliuliza. Nikataka kumkumbatia.

Mama Niendiwe akamweleza. Halafu, bila kuombwa, akatoa kizibo. Unaujua ule mlio. Waheshimiwa waliruka nyuma, mmoja akapoteza kiatu. Maji yakashuka mfereji mzima hadi shambani, na injinia akayafuata kwa miguu mpaka chini, peke yake, akarudi na tope mpaka magotini. Akachukua ramani, akasema mstari hauwezi kupita hapa, na kifusi hakiwezi kumwagwa hapa.

Unashangilia? Ngoja kwanza. Sasa ndiyo tunafika kwenye la pili.

Injinia akasema kuna njia mbili za kuikwepa ndiva. Barabara inaweza kushuka chini kidogo. Au inaweza kupanda juu kidogo. Chini kidogo, Mjomba, inapita kwenye geti la chuma lenye simba wawili.

Ungewaona. Watu ambao hawajawahi kuiona ramani wakageuka mafundi wa ramani. Mmoja akasema huko chini udongo ni mlegevu. Mwingine akasema kuna uwekezaji, hatuwezi kuvunja moyo wawekezaji. Mbonea mwenyewe akasema, kwa sauti ya upole, ya kanisani, kwamba yeye kwa maendeleo yuko tayari kwa lolote, ila wataalamu waangalie huko juu kwanza, kwa sababu huko juu hakuna kitu.

Huko juu kuna wewe.

Uliomba mwenyewe uzikwe pale, juu ya ndiva, chini ya migomba yako, ili uone anayechelewa kufungua maji. Hakuna nyumba pale, hakuna gesti, hakuna mwekezaji. Kuna kaburi moja lenye msalaba wa saruji nilioupaka chokaa kwa mikono yangu. Mwenyekiti akauliza, "Kaburi moja tu?" Wakaangaliana, wakaona njia imepatikana. Marehemu hapigi kura. Ilichukua muda mfupi kuliko kumchinja yule mbuzi.

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeshafungua mdomo mara moja, mara ya pili ingekuwa rahisi. Injinia akanivuta pembeni, akaniambia taratibu, "Dada, ukipinga hili, shauri linarudi kwenye mchoro wa kwanza mpaka liamuliwe upya. Na mchoro wa kwanza unaujua." Nikamwelewa. Mchoro wa kwanza ni mbuzi wawili na kifusi.

Nilisimama pale nikaangalia kaburi lako, nikaangalia ndiva. Mama Niendiwe alikuwa anarudisha kizibo, hakuniangalia makusudi. Hukuzaa, Mjomba. Ulinilea mimi. Mwenye kuulizwa juu ya mwili wako ni mimi peke yangu. Walileta fomu baada ya wiki mbili, nikaisaini kwenye meza hii hii. Nilisaini mimi. Nisamehe. Nimelia hapa mpaka mwenzangu wa masjala akadhani nimefukuzwa kazi.

Sijafukuzwa. Nimepewa barua ya onyo, ipo kwenye droo, imeandikwa vibaya, ina makosa ya herufi. Na hapa nikupe kitu kidogo cha kukufurahisha. Muhtasari wa ziara ile niliuandika mimi. Mbonea alikuja mezani, akanong'ona niondoe "yale mambo ya utoto". Nikamwambia Mheshimiwa, naandika kilichosemwa. Akaahidi atayapinga kwenye kikao. Nikaandika yote, neno kwa neno: Mheshimiwa Diwani aliulizwa kama shimo kavu ndilo lililomzamisha, Mheshimiwa Diwani alijibu kwamba alikuwa mtoto. Nikayaweka ukurasa wa tatu, si mbali. Kikao kilichofuata Mwenyekiti akasema tuthibitishe muhtasari, nani ana marekebisho ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbonea alikuwa anaandika ujumbe kwenye simu. Wakagonga meza. Naye akagonga, bila kuinua macho. Umethibitishwa, umesainiwa, una muhuri. Hata wajukuu zake wakija kutafuta jina lake kwenye masjala, hicho ndicho watakachokikuta. Hawajui kusoma, Mjomba, na wamesoma mpaka vyuo.

Halafu baraza likapitisha. Mbonea akasimama akatoa hotuba, akakutaja kwa jina. Akasema wewe ni mfano wa mzee aliyejitoa kwa ajili ya maendeleo hata baada ya kifo, na kwamba ungefurahi. Wakakusimamia dakika moja. Wewe! Watu ambao walikuwa wanajificha wakikuona sokoni kwa sababu ulikuwa unawauliza barabara iko wapi. Niliandika na hilo, kalamu ilikuwa inatoboa karatasi.

Jumamosi hii tunakuja kukuhamisha.

Mchungaji amekubali atatangulia kwa sala. Nilimwogopa, nikajua atasema mambo ya kufukua wafu ni ya kipagani, lakini akasema hata wazee wetu wa zamani walikuwa wakihamishwa walipolala, wakapelekwa walipo wenzao, kwa heshima. Alisema kwa sauti ndogo, akaangalia kama kuna mzee wa kanisa karibu. Nilimpenda siku hiyo.

Sasa utaenda wapi. Hapo nimeogopa kukueleza kuliko yote. Nilitafuta sehemu yenye kuona ndiva, na ardhi yetu yote ya juu inaliwa na barabara. Mama Niendiwe akaja nyumbani bila kuitwa. Akakataa kukaa. Akasema kuna kona ya shamba lake pale mfereji unapogawanyika, ukisimama pale unaona ukuta wote wa ndiva, na maji yanapita kila asubuhi. Akasema tukuweke pale. Nikamwuliza, Mama, una hakika? Akasema, "Alinigombeza miaka yote kwamba naiba maji. Basi akae hapo alinde mwenyewe." Akageuka haraka akaondoka, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Kwa hiyo utalala kwa Mama Niendiwe, Mjomba. Kila asubuhi akitoa kizibo maji yatapita miguuni pako kwenda kwenye maharage yake, na huwezi kusema kitu.

Nakuahidi haya. Injinia ameniandikia kwenye mchoro kalvati la kupitisha mfereji chini ya lami, nami nitakaa kwenye kila kikao mpaka nilione limejengwa, na nitaandika kila neno la kila mpumbavu. Na gari la kwanza la wagonjwa likipanda kwenye hiyo lami, nitasimama kando nilihesabie dakika mpaka Bendera, kwa ajili ya Mama. Mbonea ametuma salamu kwamba atakuja Jumamosi na mpiga picha. Aje. Nitampa jembe lako, lile la nyuma ya mlango, mbele ya watu wote, na sheria ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji, anaijua, aliyefika hawezi kukataa kushika jembe. Atakuchimba kwa mikono yake, akiwa na suti.

Wakubwa wamerudi, nasikia wanasema kazi ni nyingi. Lala salama siku hizi chache zilizobaki hapo juu. Jumamosi saa moja asubuhi utasikia baragumu likilia kama zamani. Usishtuke ukadhani ukuta umebomoka, usianze kutafuta viatu. Ni sisi, kitongoji kizima. Ulikuwa unamtoza faini kila aliyekosa msaragambo, hata mchungaji ulimtoza. Huu ni wako, Mjomba, na katika yote uliyoitisha, ni huu mmoja tu ambao hutakiwi kuja na jembe.

Mpwa wako,
Nakunda